Porsche 911 isiyo na rejeta: inapozwa na nini hasa, na inataka nini ili idumu

Kila bei ya Porsche 911 za zamani inapopanda, ubishi mitandaoni hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema gari hili halina rejeta wala maji, kwa hiyo halina cha kuharibika. Wa pili unasema injini isiyo na maji itaungua kwenye foleni ya kwanza ya jua kali. Pande zote mbili zinakosea kwa sababu ileile: neno "hewa" limewasahaulisha oili.

Tuanze na maneno. Injini ya kupozwa kwa hewa ni ile ambayo joto la silinda huondolewa na hewa inayopita moja kwa moja juu ya chuma, bila maji kuwa katikati. Porsche ilitengeneza 911 kwa mtindo huo tangu 1964 hadi 1998, injini ikiwa nyuma kabisa, silinda 6 zimelala, tatu kushoto na tatu kulia. Matoleo yatakayotajwa humu ni 2.7 (1974 hadi 1977), SC ya lita 3.0 (1978 hadi 1983), Carrera 3.2 (1984 hadi 1989), 964 iliyofuata, na 993 iliyofunga ukurasa. Maji yaliingia baadaye kwa sababu sheria za moshi na kelele zilibana, na silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda, yenye valvu 4 kwa kila silinda ni vigumu kuipoza sawasawa kwa hewa peke yake. Hewa haikuwa imeshindwa kazi barabarani.

Feni, mapezi na mabati

Watu wengi hudhani injini hii hupozwa na upepo wa mwendo kama ya pikipiki, hivyo gari likisimama inaanza kuungua. Sivyo. Juu ya injini kuna feni kubwa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki, yaani shafti kuu ya injini, na inapuliza muda wote injini inapozunguka, gari liwe mbioni au limesimama. Hewa yake inashindiliwa chini kupitia kava, kisha inalazimishwa kupita katikati ya mapezi membamba yaliyozunguka kila silinda. Mapezi hayo yanafanya kazi ileile ya kutandaza nguo mbichi kwenye kamba badala ya kuiacha imekunjwa: sehemu inayoguswa na hewa inakuwa kubwa zaidi, na joto linatoka upesi.

Lakini hewa hupita penye njia rahisi. Ndiyo sababu injini imezungushiwa mabati. Juu ya mabati ni hewa baridi. Chini yake ni hewa iliyokwisha beba joto, tena iko jirani na ekzosi. Ukingoni mwa mabati kuna ukanda wa mpira unaogusa bodi pande zote, na hata waya za plagi zina vimpira vya kuziba matundu yake. Mpira ukikauka na kukatika, au fundi aliyeshusha injini asiurudishe, hewa moto ya chini inapanda na kumezwa tena na feni. Hapo mtu anaweza kubadilisha thamostati, oili na sensa zote na geji isishuke hata kidogo. Fungua boneti ya nyuma mchana na uangalie ukingo mzima: ukiona ardhi kati ya bati na bodi, umepata penye kosa. Kipande cha mpira huo ni rahisi kuliko karibu kila kitu kingine kwenye gari hili.

Gari lililokaa muda mrefu lina hatari nyingine isiyoonekana: panya. Chini ya kava la feni, juu ya silinda, ni mahali pakavu na pametulia. Kiota kimoja kinaweza kufunika mapezi ya silinda moja, ikawa inapika peke yake huku geji ya joto la oili ikionyesha hali ya kawaida, kwa kuwa geji husoma oili wala haijui silinda ipi inateseka. Oili iliyovuja ikachanganyika na vumbi hufanya vivyo hivyo, polepole.

Sasa mkanda. Kwenye 911 za kabla ya 964, alterneta iko ndani ya kitovu cha feni, na mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Kwa hiyo taa ya chaji ikiwaka ukiwa barabarani, usijiambie kwamba betri itakufikisha nyumbani. Huenda mkanda umekatika, na injini imebaki bila hewa. Simama mara moja. Mkanda wa akiba na spana yake vikae ndani ya gari daima. Kuukaza hakufanywi kwa kusogeza alterneta: puli ina nusu mbili, na katikati yake kuna washa nyembamba. Ukitoa washa moja katikati na kuihamishia upande wa nje, nusu hizo zinakaribiana, mkanda unapanda juu na kukaza. Washa zote zibaki kwenye puli. Usitupe hata moja, kwa maana mkanda mpya utazihitaji tena katikati. 964 na 993 zina mikanda miwili, feni na alterneta zikitenganishwa, na kila mmoja unakaguliwa peke yake.

Oili ndiyo maji yake

Hewa hubeba joto la silinda na hedi. Joto la pistoni, kranki, beringi na roka (mikono inayosukuma valvu) hubebwa na oili, na ndiyo maana 911 hubeba oili nyingi kuliko magari mengi: za mwanzo takriban lita 9, Carrera 3.2 takriban lita 13. Oili hiyo haikai chini ya injini. Huu ni mfumo wa sampu kavu: pampu moja inaipeleka kwenye beringi, nyingine inaifyonza kutoka chini na kuirudisha kwenye tenki lililo pembeni. Ipo kipoza oili kwenye injini yenyewe, na matoleo mengi yana cha pili mbele, ndani ya bawa (madigadi) la kulia. Thamostati inaifungulia oili njia ya kwenda mbele inapofika karibu nyuzi 83 za selsiasi.

Kutokana na hilo tu, kanuni ya kupima oili inageuka juu chini. Kwenye gari la kawaida unapima injini ikiwa imezimwa na oili imeshatulia. Hapa unapima injini ikiwa imepata joto lake kamili, inaunguruma taratibu, gari likiwa kwenye usawa. Ukipima ikiwa baridi na imezimwa, sehemu ya oili imechuruzika kutoka tenkini kwenda kwenye injini, dipstiki inaonyesha kavu, na wewe unaongeza lita mbili ambazo hazikuhitajika. Oili iliyozidi inapenya kwenye bomba la kupumulia hadi kwenye kisanduku cha hewa, na gari linatimua moshi wa buluu unaomfanya mwenye nalo aamini pistoni zimekwisha. Injini ngapi zimefunguliwa kwa kosa la dipstiki! Lenga katikati ya alama mbili, wala usihangaike kufika ya juu.

Geji ya kiasi cha oili kwenye dashibodi nayo huwatia watu kiwewe. Inasoma tenki peke yake. Ukiwa mwendoni sindano inaweza kushuka hadi chini kabisa, na hilo si hitilafu, kwani oili iko kazini. Geji hiyo ina maana katika hali ileile ya dipstiki tu: moto, taratibu, usawa. Zinazostahili jicho lako barabarani ni mbili nyingine. Presha, injini ikiwa moto, iwe karibu bar 1 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, na ikishuka karibu na bar 1 au chini kidogo gari likiwa limesimama usishtuke. Joto la oili kati ya nyuzi 80 na 110 ni la kawaida. Likikaribia 120, punguza mzigo na utafute sababu kabla ya safari nyingine.

Kubadilisha oili kunataka kuimwaga sehemu mbili, kwenye tenki na chini ya injini, ikiwa ingali moto. Hata hivyo haitoki yote, kwa sababu nyingine inabaki kwenye mabomba na kipoza cha mbele. Kwa Carrera 3.2 anza kurudisha kama lita 9, washa, endesha mpaka thamostati ifunguke, ndipo upime na kuongeza kidogokidogo. Anayemimina 13 zote kwa mkupuo ataona moshi ule uliokwisha tajwa. Badilisha filta na washa za nati za kumwagia kila mara. Aina ya oili ni ugomvi usioisha. 20W-50 yenye zinki ya kutosha inazifaa injini hizi nyingi, zinki ikilinda kemshafti (shafti inayosukuma roka) na roka zinazosuguana chuma kwa chuma. Sintetiki haiharibu injini nzima, ila hupenya penye sili chakavu na kufichua uvujaji uliokuwapo tayari.

Injini baridi isikamuliwe. Usiiache pia ikiunguruma robo saa imesimama eti inapata joto. Washa, subiri presha ipande, ondoka pole, na usivuke mizunguko 4,000 mpaka sindano ya joto la oili imeinuka sawasawa.

Kuvuja: kawaida au la?

"911 isiyovuja haina oili" ni mzaha unaotumiwa na wauzaji kuliko mafundi. Unyevu kwenye viungo, na tone moja moja baada ya safari, vinavumilika kwa injini yenye maungio mengi kiasi hiki. Dimbwi halivumiliki. Oili ya kava za valvu na ya mabomba ya kurudishia oili yaliyo chini ya silinda ni kazi ndogo; kava zinahitaji gaskiti tu, na mabomba hayo yapo ya aina inayorefuka na kufupika, yanayobadilishwa bila kufungua injini. Oili inayotoka juu ya kasha la kranki, chini ya feni, ni habari nyingine. Pale wamekaa jirani swichi ya presha, thamostati ya injini na gaskiti ya kifuniko cha kupumulia. Vyenyewe vina gharama ndogo. Kuvifikia ndiko kunakogharimu, na mara nyingi injini hushushwa. Ikishushwa kwa sababu yoyote, badilisha vyote vitatu hata kama vinaonekana vizima.

Wingu dogo la moshi asubuhi unapowasha lisikutishe. Silinda zimelala, oili kidogo hujikusanya ndani yake, hasa gari likiegeshwa kwenye mteremko. Moshi ukiendelea baada ya dakika chache, hapo pana jambo.

Harufu ndani ya gari ichukuliwe kwa uzito zaidi ya tone la oili. Hita ya 911 hupasha hewa kwa kuipitisha kwenye maboksi yaliyozunguka bomba za ekzosi. Oili ikidondokea humo utanusa oili iliyoungua, na hiyo ni kero tu. Kutu ikitoboa bomba la ndani, hewa ya kuwapasha abiria inachanganyika na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Maboksi ya hita yaliyooza hayaachwi mpaka mwezi ujao.

Valvu: kazi ya kufanya kwa mkono wa taratibu

Injini zote hizi isipokuwa ya 993, ambayo hujirekebisha kwa presha ya oili, zinahitaji nafasi za valvu zipimwe kila kilomita 20,000 hadi 24,000 hivi. Kipimo ni milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na za kutoa, injini ikiwa imepoa kabisa, yaani imelala usiku kucha.

Toa kava nne za valvu na plagi zote, ili injini izunguke kwa urahisi. Zungusha kwa nati ya puli ya kranki, kuelekea mzunguko wa saa, mpaka alama ya Z1 iliyo kwenye puli ikutane na mstari wa kasha, na rota ya distributa (kigawa cheche) ielekee kwenye mkato uliopo ukingoni mwake. Rota ikielekea upande wa pili, zungusha duara moja zima tena. Sasa silinda ya 1 imefunga valvu zote mbili. Ni ile ya kushoto iliyo karibu na puli. Ingiza bamba la 0.10 kati ya mguu wa skrubu na valvu. Lipite kwa kukwaruza kidogo, si kwa kusukumwa. Shikilia skrubu kwa bisibisi, kaza nati yake kwa spana ya 13, halafu pima tena, maana nati inapokazwa huiburuta skrubu na kipimo kinabadilika. Fanya ya juu, kisha ya chini. Zungusha theluthi ya duara, hadi alama inayofuata kwenye puli, ufanye silinda ya 6. Endelea hivyo kwa 2, 4, 3 na 5.

Za chini ndizo zinazochosha: unafanya kazi kwa hisia ya vidole, bamba linapinda, na huoni kitu. Ukiwa na shaka juu ya valvu moja, irudie. Wengi huogopa valvu inayogonga gonga. Inayopaswa kuogopwa ni iliyobana, nayo haina sauti. Valvu ya kutoa hupoa inapokaa kwenye kiti chake. Ikibana haikai muda wa kutosha, inaungua, na hedi inabidi ifunguliwe.

Kila toleo na ugonjwa wake

Anayesema "911 za hewa ni imara" bila kutaja mwaka hajasema kitu. Injini ya 2.7 ina kasha la magnesi, na bolti ndefu zinazofunga silinda na hedi huchomoka na nyuzi zake. Zilizouzwa Marekani zilizidiwa zaidi, kwa sababu za miaka ya 1975 hadi 1977 ziliwekewa vichomea moshi vinavyoongeza joto chini ya hedi. Dawa ni kutia nyuzi za chuma kwenye kasha, na hiyo ni injini kufunguliwa yote.

SC ilipata kasha la alumini, ikaponea hapo, lakini safu ya chini ya bolti zake ni ya aloi iitwayo Dilavar, ambayo hushika kutu na kukatika. Habari njema ni kwamba unaweza kugundua bila kufungua injini: toa kava za chini za valvu, na nati iliyolegea au kuanguka mkononi inakueleza yote. SC hutumia pia mfumo wa mafuta wa K-Jetronic wenye kisanduku cha hewa cha plastiki. Injini ikipiga mlipuko wa nyuma wakati wa kuwashwa, kisanduku hupasuka. Valvu ya kupumulia inayogandishwa juu yake huzuia hilo, na kuwasha bila kugusa pedali ya mafuta huzuia zaidi. Vibana cheni (vya cheni inayozungusha kemshafti) vya kabla ya 1984 navyo hufa ghafla, cheni inaruka, valvu zinakutana na pistoni. Vile vya Carrera 3.2, vinavyosukumwa na presha ya oili ya injini, hufungwa kwenye injini za zamani pia, na kwa maoni yangu ni pesa ya kwanza kutumia ukikuta havijawekwa.

Kwa 3.2, gari likizima ghafla na kukataa kuwaka, anza na rilei ya kompyuta ya injini. Ni kitu kidogo. Weka ya akiba chini ya kiti. 964 za mwanzo hazikuwa na gaskiti kati ya silinda na hedi, hivyo huvuja hapo, na distributa yake pacha ina kimkanda cha ndani ambacho kikikatika nusu ya cheche hufyatuka mahali pasipo pake. 993 za Marekani za kuanzia 1996 huwasha taa ya injini pale njia za hewa ndani ya hedi zinapoziba kwa masizi.

Kuliegesha, na kulinunua

Kulifunika gari miezi sita si kulitunza. Sili hukauka, mafuta ya tanki huchacha, na maji hujikusanya ndani ya oili. Kuliwasha dakika tano kila wiki ni kubaya zaidi, kwa sababu oili haifiki joto la kuyafukuza maji hayo. Endesha nusu saa nzima mpaka oili ipite nyuzi 80, au usiliwashe kabisa na utoe betri. Tairi nazo huzeeka hata zikiwa na kashata nene: soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Gari lenye uzito mwingi nyuma, mkia wake ukielekea kutangulia dereva anapoachia mafuta katikati ya kona, halifai kupewa mpira uliokakamaa.

Mnunuzi hutumia saa nzima akisikiliza injini na dakika tano chini ya gari. Afanye kinyume. Injini inatengenezeka kwa bei inayojulikana. Bodi iliyooza haina mwisho. Bodi za chuma kilichopakwa zinki zilianza na magari ya mwaka wa 1976. Kabla ya hapo angalia vizingiti chini ya milango, kitako cha betri mbele, na bomba kubwa linaloshika springi za nyuma. Rangi mpya sehemu hizo tu ni swali la kumuuliza muuzaji.

Kwenye injini, kipimo cha presha ya silinda hakitoshi. Omba cha uvujaji, ambapo hewa hujazwa kwenye silinda na kusomwa inapungua asilimia ngapi: chini ya 10 ni nzuri, juu ya 20 kuna kazi, na sauti ya hewa ikitokea kwenye ekzosi ni valvu ya kutoa. Na mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya kava la feni kabla ya salamu kwisha. Likiwa na uvuguvugu, moshi wa asubuhi na ugumu wa kuwaka vimeshafichwa. Panga siku nyingine.